Namna Njia ya Tisa Ilivyokwisha

Wewe uligeuza uso. Usitazame nyuma kumtafuta ninayemsema. Ulipita chini ya lile zege, ukaona nondo zimechungulia nje, zimeliwa na kutu hadi zimekuwa nyembamba kama sindano za kufumia, ukaona mtu ameanika nguo za mtoto palepale chini, ukaongeza mwendo. Ulipofika kwako ukasema, "Wahusika wataliangalia." Nakumbuka mwaka. Nakumbuka hata ulichokuwa umebeba mkononi.

Haya, kaa. Nitakueleza habari za nchi niliyokwenda, na usiniulize nilifikaje. Wanaouliza sana habari za safari ndio hao hao wasiotaka kusikia habari za huko mtu alikofika.

Nchi yenyewe inaitwa Winoni. Sheria yake kubwa ni fupi: kilichoandikwa kwa wino kipo, kisichoandikwa hakipo, na kilichoandikwa hakifutwi. Madukani hawauzi raba. Nilipotamka neno "kufuta" mkahawani siku ya kwanza, mwenye mkahawa alininong'oneza, "Mgeni, tafadhali, kuna watoto hapa."

Jambo la pili ni namna wakubwa wao wanavyosema. Ofisa wa Winoni hafanyi kitu, kitu hufanywa. Barua imepokelewa. Ufa umeonekana. Suala linashughulikiwa. Nilikaa siku kumi na tisa, nikaingia ofisi saba, na sikumsikia hata mmoja akisema "nitafanya". Niliuliza kama ni ugonjwa wa ulimi. Nikaambiwa hapana, ni mafunzo ya miaka mitatu.

Sasa, katikati ya mji wao mkuu imepita barabara ya juu, imekaa juu ya nguzo tisini, pana kiasi cha magari sita kwenda bega kwa bega. Ndiyo Njia ya Tisa. Ilijengwa miaka arobaini iliyopita ili malori yatoke Mnadani yaende Bandari Mpya bila kusumbuliwa na watu. Bandari Mpya haikujengwa. Njia ikafika pale ilipofika, ikakatika hewani, na chini ya ukingo wake ni bonde la matete. Malori yalishapata barabara nyingine ya chini, pembeni ya mji, zamani sana. Juu ya Njia ya Tisa hupita gari moja tu, la mkaguzi, mara moja kwa mwezi. Hupanda Mnadani, huenda hadi ukingoni, halafu hurudi kinyumenyume kilomita nne nzima, kwa sababu kugeuza gari kwenye Njia Kuu ni kosa.

Niliomba kuona namna ilivyosajiliwa. Karani mmoja anayeitwa Pazi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifungulia Daftari Kuu la Njia, nikanakili neno kwa neno:

"Njia ya Tisa. Inaanzia Mnadani. Inapita juu ya ardhi tupu. Inaishia Bandari Mpya. Magari: yanapita. Imekwisha? Bado."

Nikamuuliza, "Bwana Pazi, hiyo ardhi tupu ndiyo wapi?"

"Ndiyo hapo chini."

"Hapo chini nimepita leo asubuhi. Nimehesabu milango sitini na mitatu. Nimeuziwa mchicha."

Akasafisha miwani. "Wewe umeuziwa," akasema. "Daftari halikuuziwa."

Mtaa huo unaitwa Mchichani. Zamani ulilisha mji mzima mboga. Siku wino ulipoandika "ardhi tupu", mtaa ulikoma kuwapo: bomba la maji haliwezi kupelekwa mahali pasipokuwapo, wala mwalimu, wala gari la taka. Jua nalo likafuata sheria. Mchichani jua huingia dakika chache tu kwa siku, likipenya kwenye nafasi kati ya kingo mbili za zege, na mchicha haukui kwa dakika chache.

Aliyeniuzia mchicha ni Bi Siwatu. Anaununua mtaa wa nne kutoka hapo na kuja kuuuza Mchichani, na kila anayefika mara ya kwanza humcheka. Humwacha acheke. Halafu humwambia, "Umemaliza? Fungu moja au mawili?" Nyumba yake iko chini ya nguzo ya arobaini na moja, na mboga huzipanga mlangoni.

Ile boriti inayolala juu ya nguzo ya arobaini na moja ina ufa ambao unaweza kuingiza mkono. Nimeuingiza mkono wangu, kwa ngazi ya Fundi Makame.

Fundi Makame ni jirani wa Bi Siwatu, mwashi mzee, mtu wa mzaha mkali. Nguzo ile aliimwaga yeye, akiwa na miaka ishirini na miwili.

"Mchanga ulikuwa wa ufukweni, una chumvi tele," aliniambia, ameshika ngazi. "Nikamwambia msimamizi, bwana, chumvi hii itazila nondo. Akasema, 'Imeonekana. Mwaga.' Nikamwaga. Kwa hiyo ukitaka kumtukana mtu, anza na mimi, niko karibu."

"Itasimama mpaka lini?"

"Ilisimama mpaka mwaka juzi. Sasa imeegemea tu. Masika haya ikilowa, inashuka." Akaonyesha kwa kidevu paa la Bi Siwatu. "Na hapo ndipo itakapokaa."

Masika yalikuwa bado wiki tatu.

Utasema, si wahame? Najua utasema, maana huwa unasema. Wahamie wapi? Hati ya kuhama hutaja mahali mtu anapotoka, na wao hawatoki popote.

Sasa sikiliza sheria ya vipande. Njia ya Tisa huangusha zege. Kila kipande kinachoanguka ni mali ya Njia, na aliyeangukiwa anatakiwa akirudishe. Kila Jumanne utaona foleni mbele ya ofisi: kina mama na makarai vichwani, wazee na vikapu, kila mtu na mawe yake. Karani Pazi hupokea, hupima, huandika, hugonga muhuri, kisha vipande hutiwa magunia na kupangwa ghalani, vikisubiri siku vitakaporudishwa juu. Nilimwona mama mmoja ameombwa radhi na jirani yake kwa kuchelewesha foleni. Jirani alikuwa amefungwa bendeji kichwani, na kipande alichokuja kukirudisha ndicho kilichompasua. Watu walikuwa wakizungumzia bei ya dagaa.

Hapo nilikasirika hadi nikatoka nje. Nikasimama uani, nikajikumbusha kwamba kwetu nimeziona foleni zilizo mbaya zaidi, na nilipanga mstari.

Kipande kimoja hakikurudishwa. Miaka sita iliyopita, mume wa Bi Siwatu, Mbaruku, alikuwa ameinama mlangoni akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Boriti ikaangusha kipande cha ukubwa wa mkate wa boflo. Katika daftari la vifo wameandika: "Mbaruku. Aliigonga barabara." Karani Pazi alinifafanulia bila kunitazama. Barabara iliyosajiliwa haitoki mahali pake. Ikiwa barabara na mtu vimekutana, basi aliyesogea ni mtu.

Bi Siwatu alikipeleka kipande kile ofisini akaomba jambo moja: wabadili mstari ule. Wakamwambia kilichoandikwa hakifutwi. Akakirudisha nyumbani, akakifunga kwa shuka ya marehemu, akakiweka kabatini. Alitumiwa barua kumi na moja za kudaiwa kipande. Akazitumia kufungia mchicha.

Niliyakuta mambo yamefika hapo, na sijui yangeendelea hivyo hadi lini kama si sherehe. Winoni ilikuwa inatimiza miaka arobaini ya Daftari, na Waziri alitaka barabara moja iliyokwisha ya kuzindua. Wakatafuta nchi nzima. Hawakupata. Winoni haijawahi kumaliza barabara, zote ni Bado, na kifungu cha tatu cha Sheria ya Njia kinasema wazi, "Njia ambayo bado haijakwisha haitaguswa." Ndiyo hirizi yao. Ukilalamikia shimo, unaambiwa njia bado. Ukilalamikia nguzo, njia bado. Kizazi kizima kimezikwa chini ya neno moja la herufi nne.

Msajili Mkuu wa Njia, Bwana Zahoro, akapata wazo. Njia ya Tisa inakosa mambo mawili tu: mwisho na kipande kimoja. Mwisho aliupata kwa siku moja. Kibao kilisimikwa pale ukingoni, juu ya bonde la matete, kimeandikwa BANDARI MPYA. Sasa njia ikawa inafika. Kikabaki kipande.

Bi Siwatu akaitwa mbele ya Baraza la Njia siku ya Jumatano. Barua ya kumi na mbili ilisema asipokileta, "itachukuliwa nyumba iliyosimama isivyo halali katika ardhi tupu." Jumanne jioni nilimkuta anachambua mboga na Fundi Makame amekaa juu ya ndoo.

"Usiwape," nikamwambia. Nilikuwa na hasira kuliko yeye. "Kile ndicho ushahidi pekee ulio nao."

"Ushahidi wa nini, mgeni?"

"Kwamba barabara ilimuua mumeo."

Akanitazama. "Wewe unafikiri hawajui?" Akapiga fungu la mchicha magotini kutoa mchanga. "Wanajua. Miaka sita nimekaa na jiwe nikingoja wajue kitu wanachokijua. Makame, wamelala wapi wale wa nyumba tano?"

"Wote wameshatoka. Mama Rehani analalamika kuku wake hawajazoea upande ule."

"Mwambie kuku watazoea."

Sikuelewa. Niliona tu kwamba kwenye pindo la kanga yake amefunga karatasi yenye mafuta, iliyofungiwa bagia.

Ukumbi wa Baraza ulijaa. Bwana Zahoro ni mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza. Kama ungemkuta msibani ungempenda. Pembeni yake wazee saba wa Baraza walikuwa wakijadili kama kibao kinahesabiwa kuwa bandari. Wakakubaliana kwamba kinahesabiwa, mradi kimepakwa rangi mara mbili.

"Bi Siwatu, karibu uketi," akasema Msajili.

"Nimeketi miaka arobaini, bwana. Leo nitasimama."

Watu wakacheka. Naye akatabasamu. "Kipande kimeletwa?"

"Nimekileta. Hakikujileta."

"Vizuri. Kitapokelewa."

"Kwanza nataka kujua. Nikikuwekea hapo mezani, utaandika nini?"

"Itaandikwa kwamba Njia ya Tisa imekwisha."

"Nionyeshe."

Daftari Kuu likafunguliwa. Akaweka kidole penye safu. Neno Bado lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, kama wanavyoruhusiwa, na pembeni pamebaki nafasi ndogo.

"Neno hilo peke yake?" akauliza Bi Siwatu. "Imekwisha?"

"Safu yenyewe finyu, mama. Hapaingii jingine."

"Hutaongeza kitu baadaye?"

Msajili akaweka mkono kifuani. "Wino wa Daftari hauongezwi wala haupunguzwi. Wewe si mtoto wa Winoni?"

"Daftari linasema sipo," akasema Bi Siwatu, "lakini nakusikia."

Akafungua shuka. Mwanzo hakukitoa kipande. Alikishika kwa mikono yote miwili. Upande mmoja kilikuwa na doa jeusi ambalo kwa miaka sita hakuliosha. Alilipangusa kwa kidole gumba kama mtu anayempangusa mwingine jasho. Kisha akakiweka mezani.

Karani Pazi akakipima. Msajili akachovya kalamu, akaandika, akapuliza, akagonga muhuri. Makofi yakapigwa. Soda zikaanza kuingia, na mtu wa picha akawa anamwomba Bi Siwatu asogee karibu na Msajili.

"Ngoja," akasema. Akafungua pindo la kanga. "Kaka Pazi, nisomee hii. Macho yangu si kama zamani."

Karani wa Winoni akipewa sheria iliyoandikwa ni lazima aisome kwa sauti. Ilikuwa ni ukurasa wa Sheria ya Njia, umelowa mafuta pembeni. Muuza bagia alipata nakala nzima jalalani na hufungia bagia zake humo. Bi Siwatu alikuwa amezila hadi kifungu cha tatu.

Pazi akasoma, "Kifungu cha Tatu. Njia ambayo bado haijakwisha haitaguswa." Wazee saba wakatikisa vichwa, hiyo wanaijua usingizini. Akaendelea, na sauti yake ikawa inapungua. "Njia iliyokwisha itaondolewa katika ardhi, na ardhi itarudishwa kwa mtaa wake."

Soda ziliacha kugongana.

Nilipata habari baadaye. Zamani sheria ilisema "njia iliyokwisha kazi yake". Karani fulani, akiinakili na kubana wino, akayaruka maneno mawili ya mwisho, na kwa kuwa nchi haijawahi kuwa na njia iliyokwisha, hakuna aliyeisoma nusu ya pili tangu wino ulipokauka. Na neno lenyewe unalijua lilivyo. Nyumba imekwisha: hamia. Sukari imekwisha: nenda dukani.

"Imekwisha kujengwa!" Msajili alisimama, upole wote umemtoka. "Maana yake ilikuwa ni imekwisha kujengwa!"

"Kujengwa kuko wapi?" Fundi Makame aliita kutoka nyuma. "Hebu inueni huo muhuri, labda kumejificha chini yake!"

"Mama huyu amedanganya Baraza!"

"Nimedanganya kwa neno gani?" akasema Bi Siwatu. "Uliandika wewe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako, bwana, umefanya kitu."

Wazee wa Baraza walianza kubishana. Mmoja alisema neno lipelekwe kwa wataalamu wa lugha. Mwingine alisema taarifa yao itoke baada ya miaka tisa. Bwana Zahoro alitulia, akafuta paji la uso, na ile sauti ya kubembeleza ikarudi. Nataka uisikie vizuri, maana umewahi kuambiwa hivi na ukashukuru.

"Ndugu zangu. Sheria imesema itaondolewa. Basi itaondolewa. Kamati itaundwa. Taratibu zitafuatwa. Naomba watu warudi nyumbani."

"Itaondolewa na nani?" akauliza Bi Siwatu.

"Itaondolewa tu, mama."

"Kaka Pazi, imesema na nani?"

Pazi akainamia ukurasa. Akaugeuza, akautazama nyuma. Akavua miwani. "Haikusema," akasema. Halafu, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuijua kuwa anayo: "Haikumkataza mtu."

"Basi na mimi," akasema Bi Siwatu.

Mama mmoja mwenye karai akasimama. "Na mimi." Yule wa bendeji, "Na mimi." Sikuhesabu. Nilikuwa nimesimama, nasema na mimi.

Hawakurukia nyundo kama wehu. Nyumba tano za chini ya boriti mbovu zilikuwa zimehamwa tangu Jumatatu, watu wamelala kwa majirani wa upande wa pili, ndio maana kuku wa Mama Rehani walikuwa na malalamiko. Fundi Makame alikuwa amechora kwa mkaa ukutani kwake nguzo zote tisini, ipi ina nondo na ipi ina uongo. Walifunga kamba, wakazuia njia za chini, wakaanzia mwisho ule ulio hewani, kutoka juu kushuka chini, kwa tindo na sururu. Kitu cha kwanza kung'olewa kilikuwa Bandari Mpya. Siku ya tatu wahandisi vijana wa serikali walikuja na mashine, wakasema wametumwa kuzuia. Waliiona boriti ya arobaini na moja, wakaingiza mikono kwenye ufa. Siku ya nne mashine zilikuwa zinavuta upande wa Makame, naye anawatukana kwamba wanashika kamba kama wanaoshika nyoka.

Boriti ile ilishushwa siku nne kabla ya mvua ya kwanza. Iliposhuka haikugusa paa la mtu. Saa nne na robo asubuhi jua likaingia mlangoni kwa Bi Siwatu na halikutoka.

Siku hiyo Karani Pazi alikuja kwa miguu, amekipakata kile kipande. Kipande cha njia isiyokuwapo, alisema, hakina mwenyewe. Bi Siwatu alikitazama akamwambia akitupe kwenye kifusi pamoja na wenzake.

"Mimi nataka kitu kingine. Lile daftari la vifo umelileta?"

Alikuwa amelileta.

"Usifute," akasema. "Ongeza."

Karani Pazi akakaa kwenye ndoo ya Fundi Makame, akaandika chini ya mstari wa zamani, na hakutumia kauli ya kutendwa: "Barabara ilimuua Mbaruku. Ofisi ilijua. Nimeandika mimi, Pazi."

Nimerudi kwetu. Nimepita tena chini ya lile zege unalolijua. Nguo za mtoto bado zimeanikwa palepale. Kuna ufa, nimeuingiza mkono. Kuna daftari pia, lipo kwenye ofisi unayoipita kila siku, na ndani yake kuna mstari unaosema kwamba barabara ile inapita juu ya ardhi tupu, na safu inayosema bado. Usiniambie litashughulikiwa. Usiniambie wahusika. Mimi nakumbuka majina ya wote waliosema hivyo, na mengine yamo kwenye daftari la vifo.

Ofisi inafungwa saa tisa na nusu. Sasa hivi ni saa ngapi kwako? Simama. Nenda kaombe daftari, kasome safu kwa sauti mbele ya watu, na usitoke mpaka mtu mmoja mwenye jina aandike kwa mkono wake nani ataliondoa zege lile, na siku gani. Akikuuliza umetumwa na nani, sema umejituma. Ukirudi, pitia kwa wale walioanika nguo, uwasaidie kuzianua na kutoa vyombo nje.

Bado umekaa?